UCHAMBUZI. Beni na Butembo: Bunduki inadumu miaka mingi, lakini risasi zinatoka wapi?

Kila mara kundi la wanamgambo linapotoka porini na kukubali kuweka silaha chini, picha ni ile ile. Bunduki zimepangwa chini juu ya shitingi, viongozi wamesimama nyuma yake, hesabu inatangazwa mbele ya waandishi wa habari. Bunduki tano, kumi, ishirini. Risasi zinatajwa mwishoni, kama zikitajwa.

Katika maeneo ya Beni na Lubero, hesabu ya namna hiyo imefanyika kwa zaidi ya miaka 20, tangu programu za kwanza za kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia hadi P-DDRCS iliyoundwa mwaka 2021. Bunduki zimekusanywa, nyingine zimeharibiwa hadharani. Lakini milio haijanyamaza.

Sababu za vita hii ni nyingi, na wakaaji wa huku wanazijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kuna moja ambayo haizungumzwi sana. Bunduki ni chombo cha kudumu, kama nyundo au jembe. Risasi ni chakula: ikiliwa imekwisha, na lazima mtu alete nyingine. Anayetaka kujua ni nani anayeendesha vita hii, afuate chakula hicho.

Mtutu unaishi muda gani?

Bunduki nyingi zinazoonekana katika jimbo la Kivu ya Kaskazini ni za jamii ya Kalashnikov. Kuna zile za asili ya Urusi ya zamani, zile za Ulaya ya Mashariki, na kwa wingi zile za China zinazoitwa Type 56. Zote zilitengenezwa kwa wazo moja: askari ambaye hakusoma sana, katika matope, mvua na vumbi, aweze kuitumia bila fundi.

Sehemu inayochoka zaidi katika bunduki ni mtutu. Ndani yake kuna mifereji inayozunguka, ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Kila risasi inapopita, moto wa baruti na msuguano wa chuma vinakula kidogo ukuta wa ndani, zaidi pale mwanzoni ambapo risasi inaingia katika mifereji. Mtu akipiga moja moja na kupumzika, mtutu unapoa na unaishi muda mrefu. Akimimina magazini baada ya magazini bila kuachia kidole, joto linapanda na mtutu unakwisha haraka.

Wataalamu huipa Kalashnikov maisha ya kati ya risasi 6,000 na 15,000, kufuatana na matunzo na namna ya kuitumia. Tufanye hesabu. Magazini ya kawaida inabeba risasi 30. Tuchukue kipimo cha katikati, risasi 10,000: hizo ni magazini 333. Mpiganaji anayemaliza magazini moja kila juma, mwaka mzima, atahitaji zaidi ya miaka sita kabla mtutu wake haujafikia kiasi hicho. Na wengi hawapigi hata magazini moja kwa juma, kwa sababu risasi hazitoshi. Ndiyo maana bunduki iliyoingia Kongo wakati wa vita vya mwaka 1996 au 1998 inaweza kuwa bado iko kazini leo, mikononi mwa kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo.

Kuna jambo lingine linalosaidia. Ndani ya mitutu mingi ya Kalashnikov kumepakwa kromu, madini magumu yanayozuia kutu. Katika misitu ya Beni, ambako unyevu haukauki na mvua hainyeshi kwa ratiba, mtutu wa chuma kitupu ungeoza upesi. Kromu inaulinda, hata pale mwenye bunduki hana mafuta wala kitambaa cha kuusafishia.

Risasi iliyovishwa koti

Risasi yenyewe nayo ina siri zake. Watu wengi wanadhani ni shaba tupu kwa sababu ya rangi. Kwa kweli, risasi nyingi za Kalashnikov zina ganda la chuma cha kawaida, kwa kuwa chuma ni bei rahisi kuliko shaba. Ili ganda hilo lisishike kutu, kiwanda hulipaka vanishi ya kijani au ya kahawia, au hulifunika kwa tabaka jembamba la shaba. Koti hilo ndilo linaloifanya risasi ikae miaka mingi ndani ya sanduku na bado ilipuke siku ikitakiwa.

Kichwa chenyewe, ile sehemu inayoruka, nacho mara nyingi kimevishwa koti la chuma lililopakwa shaba kwa juu. Koti hilo ni gumu kuliko shaba tupu, kwa hiyo linakwangua mtutu zaidi. Jaribio moja lililofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2013 lilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Katika bunduki za aina ya AR-15, mitutu iliyopitisha risasi zenye koti la chuma ilichakaa kabla ya kufika risasi 10,000. Ule uliopitisha risasi zenye koti la shaba ulikuwa bado mzuri.

Adui mwingine wa mtutu ni fataki, ile sehemu ndogo nyuma ya ganda inayowasha baruti. Risasi nyingi za kijeshi za karne iliyopita zilitumia fataki ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, na maji yanaleta kutu. Askari mwenye nidhamu anasafisha baada ya kupiga. Mwanamgambo anayetembea usiku katika bonde la Semuliki au misitu ya Bapere mara nyingi hasafishi. Kromu inampa muda, lakini haimfutii deni lote.

Basi mitutu inachakaa, polepole. Je, hiyo ni habari njema kwa raia?

Mtutu uliochoka bado unaua

Hapa kuna kosa ambalo ni rahisi kuliamini. Mtu anaweza kusema kwamba bunduki za makundi zikizeeka, hatari itapungua yenyewe. Si hivyo. Mtutu uliolika hauachi kutoa risasi. Unaacha kuielekeza. Risasi inatoka ikiyumba, wakati mwingine inagonga ubavu badala ya ncha, na inakwenda mahali ambapo mpigaji hakukusudia.

Kwa vita vya masafa marefu, bunduki ya namna hiyo imepoteza thamani. Kwa mauaji ya usiku mlangoni mwa nyumba, kwa kizuizi cha barabarani, kwa wizi wa pikipiki kati ya Butembo na Beni, haijapoteza chochote. Katika hatua tatu hakuna haja ya mifereji. Na pale risasi zinapopigwa ndani ya mji, mtutu uliochoka unaongeza hatari kwa mama aliyelala nyuma ya ukuta wa mbao, kwa mtoto aliye uani, kwa mpita njia ambaye hana ugomvi na mtu.

Mapema mwaka 2025 tuliona jinsi hatari hiyo inavyokuwa karibu. Baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na vita kupanda kuelekea kaskazini katika eneo la Lubero, askari waliotoka mstari wa mbele walifika upande wa Butembo. Mapambano kati ya askari na Wazalendo waliotaka kuwanyang'anya silaha yaliripotiwa. Katika hali ya namna hiyo, bunduki inabadilisha mwenyewe kwa dakika moja, na hakuna daftari linaloandika. Tangu wakati huo uongozi wa jimbo unafanya kazi kutoka Beni, na mji huo pamoja na Butembo imebeba wakimbizi, askari, Wazalendo na silaha zao kwa pamoja.

Chakula kinatoka wapi?

Turudi kwenye hesabu. Wapiganaji 100 wakipiga magazini moja kila mmoja katika shambulio moja, wametumia risasi 3,000. Risasi moja kamili ya Kalashnikov ina uzito wa karibu gramu 16, kwa hiyo hizo 3,000 ni karibu kilo 48. Ni mzigo wa magunia mawili madogo. Kundi linaloshambulia mara kadhaa kwa mwezi linahitaji mtu wa kuleta mizigo hiyo, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejaa damu.

Njia ya kwanza inajulikana na kila mtu: kunyang'anya. Ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 2004 kwa ajili ya Kongo, zimeeleza mara nyingi kwamba ADF hupata sehemu kubwa ya silaha na risasi zake kwa kushambulia kambi na vituo vya jeshi la serikali, FARDC. Kituo kidogo chenye askari wachache, mbali na barabara, bila redio nzuri, ni ghala linalongoja kuchukuliwa. Walinda amani nao walishambuliwa. Tarehe 7 Desemba 2017 ADF ilivamia kambi ya MONUSCO huko Semuliki, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Mapigano yale yalichukua masaa mengi. Kundi lisilo na akiba ya kutosha ya risasi haliwezi kupigana hivyo.

Njia ya pili inauma zaidi, kwa sababu inatoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wakaaji wa Beni hawajasahau tarehe 2 Januari 2014, siku Kanali Mamadou Ndala alipouawa katika shambulio la kuvizia karibu na mji. Mwezi Novemba mwaka huo, mahakama ya kijeshi ilimhukumu Luteni Kanali Birotsho Nzanzu kifo kwa kosa la ugaidi, ikimhusisha na ADF. Kesi ile ilionyesha kwamba swali la msaada kutoka ndani ya jeshi si uvumi wa sokoni. Lilifika mbele ya mahakimu, hapa hapa Beni. Askari asiyelipwa vizuri, anayelisha watoto kwa mkono mtupu, akiwa na sanduku ambalo hakuna anayelihesabu, amewekwa katika kishawishi. Asiyekuwa na haki ya kutushangaza ni yule aliyeacha sanduku hilo bila hesabu.

Njia ya tatu ni kupewa. Kundi la Wataalamu limeandika kuhusu msaada wa Rwanda kwa M23, jambo ambalo Kigali inalikana. Limeandika pia kwamba makundi yanayoitwa Wazalendo yamepokea risasi na silaha kutoka upande wa FARDC. Mwaka 2023 Kongo ilipata sheria ya jeshi la akiba, ambayo wengi waliona kama mlango wa kuwaingiza Wazalendo katika mpango wa serikali. Lakini kumpa mtu risasi ni jambo la saa moja. Kumpa amri, cheo, mshahara na nidhamu ni kazi ya miaka.

Njia ya nne ni mipaka. Barabara ya Kasindi inaleta saruji, mafuta, nguo na vyakula, na maisha ya Butembo yanaitegemea. Mji wa wafanyabiashara hauwezi kufungwa kama jela. Hata hivyo, kilo 48 ndani ya lori la tani 30 ni kitu kidogo sana kukitafuta kwa macho tu.

Vikwazo vinasema nini?

Kwa karatasi, mambo ni wazi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka marufuku ya silaha kwa azimio namba 1493 la Julai 2003. Mwaka 2008, kwa azimio 1807, marufuku hiyo iliondolewa kwa serikali, lakini nchi zinazouza zilitakiwa kutoa taarifa kwanza. Desemba 2022, kwa azimio 2667, hata sharti hilo la taarifa liliondolewa, na Kinshasa ilishangilia kwa sababu ililiona kama kufungwa mikono. Kwa makundi yenye silaha, marufuku inabaki.

Serikali ilikuwa na hoja. Nchi inayoshambuliwa ina haki ya kununua silaha za kujilinda. Lakini haki hiyo inakuja na kazi: risasi zikiingia kwa uhuru zaidi, daftari la ndani linatakiwa kuwa kali zaidi. Kama sanduku linaingia Kinshasa kihalali na miezi michache baadaye maganda yake yanaokotwa katika kijiji kilichochomwa, marufuku imevunjwa bila hata kuvuka mpaka.

Kongo imeweka saini yake katika mikataba inayoelekea huko. Protokoli ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka silaha zipigwe chapa na ziandikwe. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, unataja risasi waziwazi pamoja na silaha ndogo ndogo, vipuri na sehemu zake. Kazi ya kupiga chapa bunduki za jeshi na polisi imefanyika katika miaka iliyopita, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Ni kazi nzuri. Lakini chapa kwenye bunduki inatuambia bunduki ni ya nani. Haituambii ni nani aliyeilisha.

Ganda linazungumza

Bahati nzuri ni kwamba risasi inaacha ushahidi nyuma yake. Kila inapopigwa, ganda linaruka pembeni na kubaki chini. Kwenye kitako cha ganda hilo, kwa kawaida, kuna alama ndogo: namba au herufi za kiwanda, na mwaka wa kutengenezwa. Mchunguzi anayezisoma anaweza kujua nchi ya asili. Akiwa na maganda mengi kutoka mahali mbalimbali, anaweza kulinganisha: je, risasi zilizopigwa Oicha ni za aina na mwaka ule ule kama zile zilizopigwa Lubero? Je, zinafanana na zile ambazo kikosi fulani cha serikali kilipewa?

Tusidanganyane, ganda halimtaji muuaji. Risasi iliyotengenezwa China inaweza kuwa ilinunuliwa na nchi moja, ikatolewa kwa nchi nyingine, ikaibiwa, ikauzwa, ikanyang'anywa, na mwisho kupigwa na mtu wa tano. Alama inasema risasi ilizaliwa wapi. Safari yake inahitaji madaftari ya kila mlango iliyopitia. Na kama daftari la kikosi halionyeshi kwamba siku fulani walipewa masanduku fulani yenye namba fulani, ganda linabaki bubu.

Hapo ndipo kuna pengo kubwa. Baada ya shambulio, wakaaji wanazika wafu wao, na hiyo ni haki yao. Watoto wanaokota maganda na kuyachezea. Mvua inanyesha. Wachunguzi wakifika, kama wakifika, ushahidi umetawanyika. Maganda kumi yaliyopigwa picha kwa makini, mahali na tarehe vikiandikwa, yana maana kwa mahakama kuliko hotuba kumi.

Panga halihitaji risasi

Kuna pingamizi la kweli ambalo lazima lisikilizwe. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji makubwa ya Beni yalipoanza, watu wengi wameuawa kwa panga, shoka na nyundo. Septemba 2025, huko Ntoyo katika eneo la Lubero, makumi ya watu waliuawa wakiwa kwenye matanga, na mapanga yalitumika tena. Je, kufunga njia ya risasi kutawaokoa watu hao?

Peke yake, hapana. Lakini tuangalie jinsi mauaji hayo yanavyofanyika. Wauaji wa panga wanakuja wakilindwa na watu wa bunduki. Bunduki ndizo zinazozuia kijiji kujitetea, zinazoizuia pikipiki ya msaada njiani, zinazokifanya kituo kidogo cha jeshi kikimbie. Panga pia ni kimya, na halitumii akiba. Kundi linalobana risasi zake ni kundi linalojua thamani yake. Likikosa risasi kabisa, vijana wa kijiji wenye fimbo na kengele hawangekuwa wanyonge vile.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wanaosema: mkiwanyima Wazalendo risasi, nani atatulinda? Ni swali la mtu aliyeachwa peke yake mara nyingi, na halistahili kudharauliwa. Jibu si kuwanyima. Jibu ni kuandika. Mzalendo anayepokea risasi 60 kwa saini, chini ya kamanda anayejulikana, na anayetakiwa kueleza zilikokwenda, bado analinda kijiji. Anayepokea gunia bila jina anaweza kulinda leo na kuweka kizuizi cha ushuru kesho. Wakaaji wa barabara za Lubero wamekutana na wote wawili.

Maswali ya kuuliza

Hakuna kati ya haya linalohitaji mabilioni. Wakati ujao kundi litakapoweka silaha chini mbele ya P-DDRCS, orodha itakayosomwa itaje risasi ngapi, za kiwanda gani, za mwaka gani. Wakati kikosi kitakapopokea masanduku, namba zake ziandikwe mahali ambapo auditora wa kijeshi anaweza kuzisoma. Wakati shambulio litakapotokea, mtu mmoja apewe kazi ya kukusanya maganda kabla ya mvua.

Kwa wakaaji, shauri ni dogo lakini lina maana. Ganda tupu lililookotwa mahali pa shambulio lisipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma, lipelekwe kwa chifu au kwa shirika la kiraia pamoja na jina la mahali na tarehe. Risasi nzima ambayo haijalipuka isiguswe kabisa. Fataki yake haijali umri wa mtoto anayeigonga kwa jiwe.

Na kwa wabunge wa jimbo hili wanaopiga kura ya bajeti ya ulinzi kila mwaka huko Kinshasa, kuna swali moja ambalo wapiga kura wa Beni na Butembo wana haki ya kulituma: risasi mlizonunua mwaka jana, ngapi zilifika mstari wa mbele, na daftari linaloonyesha hivyo liko ofisi gani?